Shokapu za Mbele, Kioo na Swali la Kipimo

Shokapu za mbele za pikipiki nyingi ni miguu miwili inayotakiwa kusimama sambamba. Kila mguu una bomba la chuma lililopakwa kromu, ambalo kwa pikipiki ndogo huwa na kipenyo cha karibu mm 30. Bomba hilo huteleza ndani ya ganda la nje, na ndani mna springi na oili ya kutuliza mrusho. BMW iliingiza shokapu za aina hii zinazotulizwa kwa oili katika pikipiki zake za R12 na R17 mwaka 1935, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Juu, mabomba hubanwa na vibano viwili vilivyofungwa kwenye shingo ya usukani, kimoja juu na kingine chini. Chini kabisa miguu huunganishwa na ekseli ya gurudumu, na madigadi huishika katikati. Hakuna kitu kingine kinacholazimisha gurudumu liangalie unakoangalia usukani. Mwelekeo wake hutegemea vipande hivi vikubaliane.

Jinsi makubaliano hayo yanavyokaguliwa nyumbani, kwa spana chache na kipande cha kioo, hugusa swali la zamani katika falsafa na katika dini: mtu hujuaje kwamba kitu kimepotoka ikiwa hana mkononi kitu ambacho kimethibitishwa kuwa kimenyooka? Na kama kimethibitishwa, kilithibitishwa kwa kipimo gani?

Kwanza kuna aina mbili za upotofu ambazo watu wengi huzichanganya. Pikipiki ikianguka ubavu, au gurudumu likiingia shimoni kwa kishindo, mara nyingi mabomba huzunguka kidogo ndani ya vibano. Mguu mmoja husogea mbele ya mwenzake, gurudumu likaangalia upande, na dereva akajikuta anashika usukani ulioelekea kushoto ili aende moja kwa moja. Huu ni msokoto. Katika msokoto, kila bomba linaweza kuwa limenyooka kabisa, kila kibano kizima na ekseli haina dosari, na bado shokapu nzima ikawa mbovu. Aina ya pili ni mpindo: chuma chenyewe kimevuka uwezo wake wa kurudi, na bomba limebaki na umbo jipya.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Wanafalsafa huonya dhidi ya kosa la kuhamisha sifa za sehemu kwenye kitu kizima, na ni nadra kosa hilo kuonekana waziwazi kama hapa. Anayevua mabomba, akayakagua moja moja na kutangaza kwamba yote ni mazima, amesema kweli kuhusu mabomba. Kuhusu shokapu hajasema lolote, kwa sababu ubaya ulikuwa katika uhusiano wa mabomba hayo, nao aliufuta mwenyewe alipofungua bolti. Kwa hiyo ukaguzi wa kitu kizima hutangulia ukaguzi wa sehemu. Fundi mwenye haraka ya kuvua hupoteza ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Shahidi wa kwanza huwa ni mwili wa dereva, na ushahidi wake hautoshi. Msokoto wa nyuzi 1 husogeza ncha ya usukani iliyo sm 35 kutoka katikati kwa karibu mm 6, kiasi ambacho mgeni akiipanda pikipiki hiyo hukihisi mara moja. Mwenye pikipiki hakihisi. Baada ya siku chache mabega yake yameshazoea, mkono mmoja umejifunza kwenda mbele kidogo, na usukani uliopotoka umekuwa ndio usukani wa kawaida. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anataja rula ya risasi iliyotumiwa na waashi wa kisiwa cha Lesbos: ililala juu ya jiwe na kufuata umbo lake. Aliisifu kama mfano wa hakimu anayejua kulegeza sheria pale hali inapodai uadilifu. Mwili wa dereva ni rula ya namna hiyo hiyo, lakini kwa kazi ya kukagua, sifa hiyo ni hasara tupu. Kipimo kinachofuata kinachopimwa hakiwezi kukikosoa. Hali hii ndiyo inayofanya dini nyingi zisimwachie mtu dhamiri yake peke yake iwe mwamuzi wa mwisho wa njia yake. Muislamu huomba katika kila rakaa aongozwe njia iliyonyooka, na ombi hilo lisingekuwa na maana kama mwenye kuomba angeweza kuijua njia hiyo kwa kuhisi tu kwamba anakwenda sawa.

Basi hutafutwa kipimo cha nje. Kinachotumika zaidi nyumbani ni kipande cha kioo kinene cha dirisha, cha umbo la mraba, chenye upana wa kuvuka mabomba yote mawili. Pikipiki husimamishwa wima bila kuyumba, mabomba hufutwa mafuta na vumbi, na kioo huegemezwa kwenye sehemu ya kromu iliyo wazi kati ya kibano cha chini na maganda ya nje. Kikigusa mabomba yote juu na chini bila kucheza, mabomba yako katika bapa moja. Kikiyumba kwa kugusa pembe mbili zinazokabiliana mshazari huku pembe nyingine mbili zikiachwa hewani, kuna msokoto, na ukubwa wa mwanya hupimwa kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mianya.

Hapa swali la kipimo hujitokeza lenyewe. Nani amesema kioo ni bapa? Sextus Empiricus, mwanafalsafa wa shaka aliyeandika kwa Kigiriki karibu mwaka 200, aliliweka swali hili kwa ukali usiopunguzwa hadi leo. Ili kuhukumu ubishi wowote, alisema, panahitajika kigezo. Lakini kigezo nacho kina ubishi, hivyo panahitajika kigezo cha kigezo. Mtu ataendelea hivyo bila kikomo, au atazunguka na kurudi alikoanzia, au atasimama mahali fulani kwa kutangaza tu kwamba hapa panatosha. Kwa maoni ya Sextus, njia zote tatu ni kushindwa, na mwenye busara huacha kuhukumu. Ushauri huo unaweza kumpa mtu utulivu wa moyo, lakini hauna la kumwambia mtu ambaye kesho asubuhi atabeba abiria.

Jibu moja ni la historia ya kioo chenyewe. Vioo vingi vya dirisha vya leo hutengenezwa kwa njia iliyotangazwa Uingereza mwaka 1959 na kampuni ya Pilkington, baada ya miaka ya majaribio chini ya Alastair Pilkington: kioo kilichoyeyuka humwagwa juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea na kutandazika. Ubapa wake hautokani na rula iliyonakiliwa kutoka rula nyingine. Unatokana na uzito, kwa sababu kimiminika kilichotulia hujisawazisha chenyewe. Hata uduara wa dunia hauharibu kitu: katika urefu wa mita 1, uso wa kimiminika hupinda kwa karibu mm 0.00002, kiasi ambacho hakuna fundi wa shokapu atakayekijali. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayonyoosha uzi wa timazi. Katika sura ya saba ya kitabu cha Amosi, nabii huyo mchungaji wa Tekoa anaona maono ya Bwana amesimama kando ya ukuta akiwa na timazi mkononi, ishara ya hukumu juu ya Israeli. Uchaguzi wa chombo haukuwa wa bahati. Timazi haiombi ukuta idhini, wala haijali mjenzi alikusudia nini. Uzi wake huelekea chini hata ukuta ukiwa wa mfalme.

Lakini jibu hilo halijamaliza swali, maana kipande kilichopo mkononi kinaweza kuwa kimepinda baada ya kutengenezwa au kilikatwa kwenye kioo kibovu. Jibu la pili lina nguvu zaidi, nalo lilitoka karakana. Mwaka 1840 Joseph Whitworth aliwasomea wanasayansi waliokutana Glasgow maelezo ya jinsi ya kutengeneza nyuso bapa za chuma bila kuwa na uso bapa wa kuanzia. Bamba mbili zikisuguliwa hadi zikubaliane, hakuna kilichothibitishwa: moja inaweza kuwa na tumbo na nyingine shimo, na zikalalana vizuri. Kwa hiyo Whitworth alitumia tatu. Ya kwanza hukubaliana na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza. Kama ya kwanza ina tumbo, ya pili na ya tatu zote zitakuwa na shimo, na zikikutanishwa zitagusana kingo tu. Mahali pekee ambapo zote tatu zinaweza kukubaliana mbilimbili ni kwenye ubapa. Hata hivyo kuna hila moja: zote tatu zinaweza kuwa na msokoto unaolandana, kwa hiyo bamba lazima pia zigeuzwe kwa robo mzunguko na kulinganishwa upya.

Hapa ndipo hoja ya Sextus inapovunjika. Alidhani uthibitisho lazima upite kwa mstari, kutoka kigezo cha juu kwenda cha chini. Whitworth alionyesha kwamba vitu vitatu visivyoaminika, vikikosoana kwa mpangilio mzuri, vinaweza kuzaa kitu cha kuaminika. Huku kunafanana na mzunguko ambao Sextus aliukataa, ila katika mzunguko wake hoja huirudia dhana yake ya mwanzo bila kuibadilisha, na kwa Whitworth kila duru huondoa kosa fulani kwenye chuma. Makubaliano ya wawili yanaweza kuwa njama, kama mashahidi walioketi pamoja kabla ya kesi. Bamba ya tatu, na kule kugeuza, huifichua njama hiyo.

Fundi wa nyumbani hana bamba tatu, lakini anaweza kugeuza. Kioo kilichoyumba juu ya mabomba huzungushwa robo, kisha huwekwa tena. Ikiwa pembe zilizokuwa hewani kwenye mabomba zimebaki zile zile, kosa ni la shokapu. Ikiwa sasa ni zile nyingine mbili, kosa ni la kioo. Waashi hufanya jambo la aina hii kila siku wanapolaza pimamaji, wakasoma povu, kisha wakakigeuza chombo ncha kwa ncha mahali pale pale. Chombo hujishitaki chenyewe bila kuhitaji chombo bora zaidi.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111 na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa kwa vizazi katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki, alilijadili jambo hili upande wa dini katika kitabu chake kiitwacho al-Qistas al-Mustaqim. Mpinzani wake humo ni mfuasi wa Batiniya, anayeshikilia kwamba akili za watu hugombana mno kiasi kwamba ukweli hauwezi kupatikana ila kwa imamu asiyekosea. Kwa maneno ya karakana, mpinzani huyo anadai rula moja kuu ambayo rula zote zinakiliwe kutoka kwayo. Al-Ghazali anajibu kwamba Kurani yenyewe imefundisha mizani tano za hoja, na kwamba mwenye akili anaweza kuzijua na kuzijaribu. Mtu huiamini mizani ya dhahabu bila kumtaja aliyeiunda, kwa kuwa kanuni ya kazi yake inaonekana. Msimamo huo haupunguzi wahyi wala kumfanya kila mtu kuwa mtume. Unakataa tu dai kwamba bila msimamizi asiyekosea hakuna awezaye kuhukumu. Kati ya Sextus anayeacha kuhukumu na Batini anayekabidhi hukumu yote kwa mwingine, al-Ghazali ndiye aliye karibu zaidi na kinachofanyika kweli pale mtu anaposhika kioo na kukigeuza.

Kuna pia wanaojibu kwamba unyoofu wenyewe ni makubaliano. Henri Poincaré, katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu sayansi na nadharia tete, alisema hakuna jaribio linaloweza kuamua jiometri ya anga, kwa kuwa vyombo vya kupimia vyenyewe vinaweza kuwa vinapinda pamoja na vinavyopimwa. Kwa anga nzima huenda alikuwa na hoja. Kwa shokapu haina kazi. Mabomba yasiyo sambamba husuguana na maganda, hushikana yanapobanwa, hula sili upande mmoja na kuvujisha oili, na hayo hutokea hata kama mtaa mzima umekubaliana kwamba usukani uko sawa.

Kioo pia kina upofu wake. Hueleza kama mabomba yako katika bapa moja, lakini mabomba mawili yanaweza kuwa katika bapa moja na bado yakaachana kuelekea chini. Kwa hiyo umbali kati yake hupimwa kwa kalipa chini ya kibano na tena karibu na maganda. Hukaguliwa pia kama ncha za mabomba zimetokeza sawa kwenye kibano cha juu, maana tofauti ya hapo huinamisha ekseli. Kisha huja kamba: mbili hufungwa nyuma ya tairi la nyuma, huvutwa mbele kwa kila upande zikigusa tairi hilo kingo zote mbili, na gurudumu la mbele huwekwa katikati yake. Mwanya ukiwa sawa kushoto na kulia, mbele na nyuma ya tairi, gurudumu limeelekea sawa, na sasa usukani hutazamwa kama umekaa mraba na kamba. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivi kinachoona kila kitu. Thamani yake iko katika kutotegemeana: kalipa haijui kioo kilisema nini.

Kunyoosha msokoto si kazi ya nguvu. Bolti za madigadi hulegezwa, nati ya ekseli hulegezwa, na bolti za kibano cha chini hulegezwa. Cha juu hulegezwa kidogo tu, na kamwe vibano vyote viwili havilegezwi kabisa kwa pamoja, la sivyo pikipiki itateremka juu ya mabomba yake. Gurudumu hushikwa kati ya magoti na usukani huvutwa hadi kioo kitulie. Kisha breki ya mbele hushikwa na shokapu hushindiliwa mara kadhaa. Hatua hii hudharauliwa na wengi, nayo ndiyo roho ya kazi. Miguu ikiachiwa nafasi huteleza hadi pale inaposuguana kidogo zaidi, mahali ambapo mkono wa fundi usingepajua. Ekseli hukazwa, kisha madigadi, kisha vibano, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki husika. Baada ya kukaza, kioo hurudishwa, kwa sababu kukaza nako husogeza.

Mpindo hudai kazi nyingine. Bomba huvuliwa, hulazwa juu ya vishikio viwili vya umbo la V, na huzungushwa huku geji ya saa ikigusa katikati yake. Hapa hakuna haja ya rula hata kidogo, kwani bomba hulinganishwa na lenyewe lililogeuzwa. Mshale hucheza mara mbili ya mpindo halisi, jambo linalowafanya wengine wakatae bomba zima na wengine wapokee bovu, kutegemea kitabu kinamaanisha mchezo wote au nusu yake. Vitabu vingi vya Honda huweka kikomo cha mm 0.20.

Kikomo hicho kinafichua jambo ambalo Plato alilikaribia katika Phaedo, Socrates aliposema kwamba vijiti vinavyoitwa sawa havifikii kamwe usawa wenyewe. Hakuna bomba lililonyooka kabisa, na geji nyeti vya kutosha italikataa kila moja. Kinachoitwa kizima ni kile ambacho upungufu wake hauzuii kazi yake. Lakini ni nani wa kuamua upungufu upi haudhuru? Kiwanda huweka namba, na mwenye pikipiki aliye peke yake nyumbani jioni ndiye huamua kama 0.25 ni karibu na 0.20. Pale anayeamua ndiye atakayelipia bomba jipya, kipimo hugeuka tena kuwa rula ya risasi. Sura ya al-Mutaffifin katika Kurani inawaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa, na Torati nayo inakataza kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni. Abiria wa bodaboda hana nafasi ya kuomba kioo. Amekaa juu ya hukumu ambayo hakuwepo ilipotolewa, na kwa sababu hiyo kikomo husomwa kabla ya kupima, wakati matokeo hayajajulikana.

Bomba lililopinda kupita kikomo hubadilishwa. Lenye mkunjo, ufa, au kromu iliyochanika mahali lilipopinda hubadilishwa bila kusubiri geji, hata kama kuna mwenye mashine anayeahidi kulinyoosha, kwa kuwa chuma kilichopindwa na kurudishwa kwa nguvu kimechoka mahali ambapo jicho halifiki. Na bomba lililokataliwa likatwe vipande viwili kwa msumeno kabla ya kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Likitoka zima litang'arishwa na kuuzwa tena, na litafungwa chini ya mtu asiyejua lilikotoka.